Mstari wa Tatu Katika Kitabu cha Wageni

Apeduno alikuwa amechoka tangu mwaka ambao hata yeye hakuukumbuka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaisha. Ulikuwa uchovu wa miguu inayovimba kabla ya saa nne asubuhi, wa masikio yaliyojaa honi, wa kuulizwa maneno yale yale na watu wapya kila siku: bei gani, maji ya moto yapo, choo kiko wapi. Miaka kumi na sita alikuwa amekaa nyuma ya dirisha dogo lenye vyuma katika lojingi ya vyumba kumi na kimoja pale Malaba, hatua chache kutoka barabara ambako malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Foleni fupi ni kilomita mbili. Ile ndefu hakuna anayejisumbua kuipima.

Lojingi ilikuwa mali ya mzee Okwara, Msamia mmoja wa Busia mjini aliyefika mara moja kwa mwezi kuhakikisha kwamba kuta bado zimesimama. Mengine yote yalikuwa ya Apeduno: shuka, funguo, sabuni, ugomvi wa walevi, na kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa daftari kubwa la jalada gumu jekundu, lenye safu saba zilizochapwa kwa kila ukurasa: jina, kitambulisho, simu, gari, chumba, saa ya kuingia, na mwisho kabisa, anakoenda. Katika lojingi nyingi za Malaba kitabu cha wageni hujazwa kama mtu anavyopiga mwayo. Jina moja la ubatizo, simu iliyopungukiwa tarakimu mbili, na pale pa anakoenda panapigwa mkwaju mmoja, basi. Ukivisoma vitabu hivyo utadhani mpaka wote huu hulala akina John peke yao.

Apeduno hakuwa wa hivyo. Alisomeshwa na masista hadi darasa la nane, na sista aliyemfundisha hati alikuwa na neno lake: nafasi tupu katika fomu ni kiti cha shetani. Masista walikwenda zao, sista huyo akafa, lakini neno lilibaki na Apeduno kama kovu la ndui. Kwake safu zote saba zilijazwa, kwa herufi za mviringo, mpaka kituo cha mwisho. Saa ya kuingia ilikuwa na maana, kwa kuwa dereva anayeingia baada ya saa nane za usiku hutozwa nusu. Hiyo ya anakoenda haikuwa na maana yoyote ila kwamba ilikuwa imechapwa.

Ndiyo iliyomvunja Vivianne mkono.

Miaka minne iliyopita Vivianne alifika dirishani na mfuko mmoja na mdomo uliovimba. Apeduno hakumwuliza habari za mdomo. Mwanamke akija na mfuko mmoja huna haja ya kuambiwa kitu. Alimpa chumba namba sita, akampelekea maji ya moto bila kuombwa, kisha akafungua kitabu. Jina. Kitambulisho. Simu. Akafika mwisho.

"Na unaenda wapi, dada?"

"Amukura. Kwa dada yangu Eucabeth, hapo nyuma ya soko."

Akaandika vyote. Amukura, kwa dada yake Eucabeth, nyuma ya soko. Shetani akakosa kiti.

Siku tano baadaye akaja mwanamume mpole sana. Alikuwa polisi wa kituo kimoja cha mbali, kadi akaonyesha, akasalimia kwa adabu, akakubali chai. Alisema anatafuta lori lililoibiwa. Apeduno hakuuliza lori gani wala nambari gani. Alimpa kitabu chote, na, ili ujue jinsi mja anavyoweza kujichimbia, alimfutia meza kwanza kisilowe. Yule bwana alipiga picha kurasa kadhaa kwa simu yake, akasema, "Mama, wewe ni raia mwema," akaenda. Siku nzima Apeduno alitembea kifua mbele.

Lori halikuwapo. Lililokuwapo ni urafiki wa afisa yule na mume wa Vivianne. Siku ya tatu, kabla uji haujatoka jikoni, mume alikuwa mlangoni kwa Eucabeth. Mkono wa kushoto wa Vivianne ulivunjika mahali pawili na ukaungwa vibaya. Mpaka leo haunyooki.

Miezi mingi ilipita kabla hajaonekana tena Malaba. Alikuwa ameanza kuuza omena, dagaa wa ziwani, anazitoa Busia anazunguka nazo. Alikuja dirishani, akatua beseni, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Mama Terry, mimi nataka tu kujua. Ni nani alimwambia?"

Apeduno angeweza kudanganya. Malaba ina midomo mingi, angetaja wowote. Lakini alikuwa amechoka kwa kazi ya kubeba jambo lile peke yake, akasema, "Ni mimi. Polisi alikuja nikampea kitabu."

"Sijakasirika," Vivianne akasema. "Lakini hiyo siku mimi nilidhani naambia wewe."

Apeduno angependa zaidi kutukanwa. Tusi mtu hulijibu akapumua. Neno lile lilikaa naye kuliko hata lile la sista.

Wiki hiyo hiyo alipanda gari hadi Busia kumwona Quinton, kijana wa mwenzake wa kanisani, aliyekuwa karani kwa wakili mmoja. Alitegemea kuambiwa kwamba polisi wasipewe kitu. Quinton alicheka. Alimwambia polisi wana haki ya kuuliza, na mwizi akilala kwako huwezi kumfunika blanketi ukasema ni mgeni. Lakini siku hizi kuna sheria ya kulinda habari za watu, akasema, na kitabu kile si cha polisi, wala si cha mzee Okwara, wala si chako kabisa kabisa. Watu wamekuazima majina yao ili walale. Kwa hiyo mtu akija, mwulize ni nani na anatoka kituo gani. Mwambie alete barua ya kesi; na ikiwa ni amri ya korti, itii. Soma inataka nini, umpe hicho tu. Nakili mistari, usimpe kitabu. Kisha uandike pembeni nani alikuja na alichukua nini, aweke sahihi, ili siku moja ukiulizwa na mwenye jina uwe na cha kumjibu.

Apeduno alinunua daftari dogo la kuandika hayo. Na pale pa anakoenda, aliacha kuandika. Wiki ya kwanza mkono ulimwasha kuona safu nzima iko tupu, tangu juu hadi chini. Baadaye ulizoea. Alijiambia kwamba kisichoandikwa hakipigwi picha, na kama shetani anataka kukaa pale, akae, mradi asiulize watu wanakokwenda.

Basi tuje kwenye juma ambalo limenifanya nikusimulie haya.

Alhamisi asubuhi alifika Koplo Naliaka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba, macho mekundu kwa kukesha. Hakukaa.

"Mama, niko na haraka. Jana alfajiri kuna dereva amepigwa huko nyuma ya foleni. Watu walikuwa wananyonya dizeli kwa tangi yake, akaamka, wakampiga na chuma ya kichwa. Yuko hospitali, hajaongea mpaka saa hii. Nataka kitabu yako ya hii mwezi yote."

"Woi. Pole kwake," Apeduno alisema, na alimaanisha. "Uko na barua, afande?"

"Barua ya nini? Mtu anakufa."

"Nimesikia. Leta barua ya hiyo kesi, ya hiyo usiku. Nitakupatia mara moja, hata ukinikuta na sabuni kwa mwili. Lakini mwezi yote? Watu mia mbili wamelala hapa. Si wote walimpiga huyo dereva."

"Lojingi tatu zimenipea bila kelele."

"Hizo si mimi nashika."

Naliaka aliegemea dirisha. "Unajua naweza kukuweka ndani? Kuzuia polisi kufanya kazi ni makosa."

"Basi ngoja nichukue sweta," Apeduno akasema. "Nasikia huko ndani kuna baridi."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu ambaye kweli angechukua sweta, na labda angeshukuru kupata mahali pa kukaa. Koplo Naliaka alimtazama, pembe ya mdomo ikamcheza kidogo, kisha akakumbuka kazi yake akakunja uso. "Nitarudi," akasema, akaondoka akiruka madimbwi. Apeduno alifungua daftari dogo: tarehe, jina la koplo, ameomba mwezi mzima, hana barua, hakupewa.

Haikufika adhuhuri mzee Okwara akapiga simu. Habari Malaba hazitembei, hukimbia.

"Mama Terry, nasikia siku hizi wewe ni jaji."

"Mzee, sijakataa. Nimesema alete barua."

"Mimi nina leseni ya biashara, sina leseni ya vita na serikali. Hiyo kitabu nilinunua na pesa yangu. Ipeane. Ikifika Jumamosi hujapeana kitabu, utapeana funguo."

"Sawa mzee," akasema, kwa maana kubishana na mtu aliye Busia kwa simu ya Malaba ni kupoteza mate. Lakini alipokata, alizitupia jicho funguo zilizoning'inia kwenye msumari. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Nani mwingine angempa dirisha la kukaa nyuma yake?

Alasiri, wageni walipotulia, alifungua kitabu kikubwa ili aone tu, koplo akija na barua, kazi itakuwa kiasi gani. Jumatano alfajiri. Walioingia baada ya saa nane za usiku walikuwa watatu. Wa kwanza dereva wa tangi, chumba cha pili. Wa pili utingo wa lori la saruji, chumba cha tano. Wa tatu alikuwa ameandikwa kwa hati ile ile ya mviringo, safu zote isipokuwa ya gari na ya mwisho: Arnold Omuse, chumba namba tisa, saa kumi na dakika ishirini.

Arnold alikuwa mtoto wake wa pili, mdogo wake Terry.

Utauliza mama anawezaje kusahau. Hakusahau, ni vile tu mtu hamkumbuki mwanawe kama mgeni. Arnold, ishirini na saba, utingo aliyepoteza kazi ya lori, siku hizi alikuwa akilindia madereva magari yao kwenye foleni, na kukicha huja kujitupa katika chumba kilicho wazi. Apeduno alimwandika kwa sababu aliandika kila aliyekanyaga shuka za mzee Okwara. Sasa ndipo alipokumbuka suruali iliyolowa hadi magotini, na harufu ya dizeli. Lakini Malaba yote inanuka dizeli, hata sadaka kanisani. "Mama, nimechoka," kijana alikuwa amesema. "Hata mimi," akamjibu, akampa funguo.

Alikaa juu ya kreti ya soda. Alikuwa amemkatalia koplo asubuhi kabla hajauona mstari huu. Hilo angeweza kuapa mbele ya altare. Lakini nani angemwamini? Na yeye mwenyewe, kuanzia sasa, akishikilia kitabu, angekuwa anamshikia Vivianne au Arnold? Jana alikuwa mwanamke mwenye msimamo. Leo msimamo ule ule ulikuwa na harufu.

Alimpigia.

"Yoga, toto," Arnold alijibu, salamu ya Kiteso na jina wanalomwitia mama. Sauti ilikuwa ndogo.

"Polisi wamekuja kuuliza kitabu."

Jogoo aliwika upande wa pili.

"Mama, si mimi nilimpiga. Mimi nilishika mtungi ya dizeli tu."

"Mtungi ya nani?"

"Nilishika tu, mama."

"Aliyempiga ni nani?"

"Toa hiyo karatasi," Arnold akasema. "Kitabu iko na karatasi mingi, nani atahesabu? Mwaga hata chai."

"Uko wapi, Arnold?"

"Kwa tata Amuge. Angurai."

Papo hapo alijuta kuuliza. Miaka mitatu na zaidi hakumwuliza mtu swali hilo, na sasa amemwuliza wa kwake na jibu, kwa nyanya yake huko Angurai, limo kichwani mwake, limeandikwa kwa wino usiofutika. "Rudi ujipeleke mwenyewe," akasema. "Kama ni mtungi, sema ni mtungi." Simu ilikuwa imekwisha kukatika, hakujua kama neno lilifika.

Ijumaa ilikuwa ndefu kama Kwaresima. Alifua shuka za vyumba vitatu ambazo zingeweza kungoja. Kila akipita mezani aliona kikombe cha chai na kitabu vimekaa jirani, na mara moja alikisogeza kikombe karibu, kisha akakisogeza mbali, akajilaani mara zote mbili. Mchana Vivianne alipita na beseni lake kichwani, akalitua kwa mkono ule mmoja mzima kama kawaida yake.

"Nimesikia ulikataa kupeana kitabu," Vivianne alisema. Alikuwa anatabasamu. "Soko yote inaongea, mama. Wanasema ulimwambia polisi utachukua sweta."

Akapima omena kopo moja, akajaza na nyongeza, nyongeza ikazidi kipimo chenyewe, akakataa kabisa kulipwa. Apeduno alizipokea. Alitaka kusema, Vivianne, katika kitabu hicho sasa kuna mtoto wangu. Badala yake akasema asante. Jioni alizikaanga omena zile kwa vitunguu, akazitazama, akampa paka wa jirani. Kusifiwa kwa kitu usicho na hakika nacho kunashibisha vibaya.

Jumamosi saa tano, Koplo Naliaka alirudi. Safari hii hakuegemea dirisha. Alipitisha karatasi katikati ya vyuma na kujibwaga kwenye benchi la wageni.

"Haya. Jana yote nilikuwa kortini sababu yako. Soma."

Ilikuwa amri ya korti, yenye muhuri na nambari ya kesi. Apeduno aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari. Ilitaka jina, kitambulisho, simu, gari, chumba na saa ya kuingia ya kila mgeni aliyeingia kati ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatano, tarehe hiyo moja. Ilitaka nakala, na sahihi ya mtunza kitabu kuthibitisha kwamba ni kweli na ni kamili. Hiyo ndiyo barua ambayo miaka yote hii alikuwa akiidai. Haikuzidi, haikupungua. Quinton mwenyewe asingepata pa kuikosoa.

"Huyo dereva anaendeleaje?" akauliza.

"Ameamka jana usiku. Anaongea kidogo. Haoni vizuri na jicho moja. Alituambia walikuwa wanne, mmoja alikuwa ameshika mtungi." Naliaka alivua kiatu kimoja, akakung'uta tope, akaegemeza kichwa ukutani. "Andika tu, mama. Nakuamini." Akafumba macho.

Apeduno alichukua karatasi safi. Aliandika mstari wa kwanza, dereva wa tangi. Aliandika wa pili, utingo wa saruji. Kalamu ikasimama.

Kitabu kilikuwa upande wake wa dirisha. Koplo alikuwa amefumba macho. Ile kanuni aliyoipigania, kwamba asitoe kitabu ila mistari, ndiyo iliyomwachia mlango huu wazi: angeweka sahihi chini ya mistari miwili, na hakuna kiumbe Malaba ambaye angejua kulikuwa na wa tatu. Lojingi zilizotoa vitabu vizima zisingeweza kumficha mtu hata zingetaka. Yeye mwenye kufuata utaratibu ndiye aliyeweza.

Alimwona Arnold akiwa na miaka sita, analala juu ya magunia nyuma ya dirisha hili hili kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Alimwona pia dereva asiyemjua, na mama yake mahali fulani, Kampala au Kigali, akingoja simu. Halafu akamsikia Vivianne, waziwazi, kama amesimama pale na beseni. Nilidhani naambia wewe. Koplo alikuwa amesema neno lilelile kwa namna yake. Nakuamini. Alimchukia kidogo kwa neno hilo. Mtu asiyeaminiwa na yeyote hulala vizuri.

Aliandika mstari wa tatu. Aliuandika kwa herufi zile zile za mviringo, Arnold Omuse, na nambari ya kitambulisho ambayo hakuhitaji kuitazama kitabuni, na simu, na gari hana, na chumba namba tisa, na saa kumi na dakika ishirini. Akaweka sahihi. Akagonga dirisha kwa kalamu, kwa maana koplo alikuwa ameanza kukoroma.

Naliaka alisoma akiwa na kiatu kimoja mguuni. Macho yalishuka, yakasimama chini.

"Huyu wa tatu hana gari."

"Hana."

"Unamjua?"

Karatasi haikuuliza hilo, lakini kuna maswali ambayo mtu hujibu ili apate kupumua. "Namjua. Ni mtoto wangu."

Nje lori lilitoa hewa kwa breki, mtu akatukana kwa Kiganda. Koplo Naliaka aliitazama ile karatasi, akamtazama mwanamke nyuma ya vyuma, akaitazama tena, na kwa muda hakuwa polisi wala nini, alikuwa mtu aliyekosa usingizi siku tatu. Kisha kazi ikamrudia usoni.

"Pole, mama." Alinyoosha shingo kuchungulia kitabu kilichokuwa wazi, akaiona safu ya mwisho, tupu kutoka juu hadi chini. "Hapa alitoka akaenda wapi?"

"Hiyo karatasi yako haijauliza."

"Mama."

"Haijauliza, afande. Leta ingine."

Walitazamana. Apeduno hakuinamisha macho, ingawa yalikuwa yamejaa na maji yalimshuka hadi kidevuni bila yeye kuyafuta. Mwishowe Naliaka aliinama akafunga kamba za kiatu, taratibu, kana kwamba kilikuwa cha mtoto.

"Nitaleta Jumatatu," akasema.

"Nitakuwa hapa. Lakini nitamwambia aje kabla ya Jumatatu, mwenyewe, na miguu yake. Sitakuficha hiyo. Hiyo si ya kitabu, ni yangu."

Koplo aliitikia kwa kichwa, akatia sahihi katika daftari dogo pale alipoonyeshwa, akatoka.

Hata hajamaliza kuvuka barabara, simu ya mzee Okwara ikalia. "Umepeana?" "Nimepeana, mzee." "Unaona sasa? Si nilikuambia? Kitu rahisi hivyo, mnazungusha watu siku tatu." Akakata kwa furaha ya mshindi. Funguo zilibaki kwenye msumari wake. Apeduno alizitazama na hakusikia chochote, hata afueni.

Mgeni alikuwa tayari dirishani, anauliza kama maji ya moto yapo. Alimwambia angoje kidogo. Alivuta daftari dogo amalizie, maana nafasi tupu bado zilimsumbua mahali pengine pote: mistari iliyotolewa, mitatu, kwa amri ya korti, nambari fulani, aliyepokea, Koplo Naliaka, aliyetoa. Hapo aliandika bila kufikiri, akafunga, kisha akafungua tena kusoma alichoandika. Miaka yote hiyo Malaba nzima ilimwita Mama Terry, naye ndivyo alivyojiandika kila mara. Leo mkono ulikuwa umeandika Mama Arnold.